Maswali yenu kuhusu Otis Redding

Tangu niandike kuhusu Otis Redding, yule mwimbaji wa soul, muziki wa Wamarekani weusi, aliyekulia Macon, Georgia, barua hazijakatika. Nimechagua hizi. Zilizofanana nimezijibu kwa pamoja. Wanaoomba niwatumie nyimbo zake zote bure wasisubiri jibu, wakanunue.

Kwa nini Otis alirudia "Respect" ya Aretha Franklin badala ya kuimba za kwake? (Msomaji, Mwanza, na wengine wanne)

Hakurudia cha mtu. Wimbo ni wake. Aliutunga na kuurekodi mwaka 1965, na Aretha akaurekodi Februari 1967. Swali hili nimeshalijibu mara nyingi na linanichosha, kwa sababu jibu lipo kwenye lebo ya santuri ya Aretha yenyewe, chini ya jina la wimbo: Redding. Watu wanausikiliza wimbo mmoja miaka thelathini bila kusoma hilo neno moja.

Ila Aretha naye asipunjwe. Kwa Otis, anayesema ni mwanamume anayerudi nyumbani na mshahara wake na kudai heshima. Aretha aliugeuza, ukawa wa mwanamke anayedai haki yake. Ile sehemu ya kulitaja neno herufi moja moja kwa Otis haimo kabisa, ni ya Aretha, na nduguze Carolyn na Erma ndio wanaomwitikia. Otis mwenyewe alilikubali hilo. Juni 1967, kwenye tamasha la Monterey kule California, aliwaambia watu kwamba anaimba wimbo ambao msichana mmoja, rafiki yake, amemnyang'anya.

Sasa nawaongezea ambalo hamkuuliza. Kule Marekani stesheni ya redio ikipiga wimbo, wanaolipwa ni mtunzi na mchapishaji wake. Mwimbaji hapati kitu. Kwa hiyo kila "Respect" ya Aretha inapopigwa redioni kule, malipo yanakwenda upande wa utunzi, yaani wa Otis, na sauti iliyoupeleka wimbo duniani kote haipati senti kwa huo mpigo. Ndiyo maana nang'ang'ania jina la mtunzi. Jina likikosewa, mtu anakosa chakula chake.

Nani mfalme wa soul: Otis, Sam Cooke au James Brown? (Msomaji, Nakuru)

Wasikilize wote watatu. Mashindano ya namna hii hayamfundishi mtu kusikiliza.

Nimeanza kupenda soul juzi tu. Ninunue albamu ipi ya Otis kwanza? (Dada, Dodoma)

"Otis Blue", ya mwaka 1965. Usianze na mkusanyiko wa nyimbo zilizovuma, dada yangu. Mikusanyiko hiyo huondoa majina ya wapigaji, na bila wapigaji humpati Otis.

Studio ya Stax, kampuni iliyomrekodi Otis, ilikuwa jumba la zamani la sinema, mtaa wa East McLemore, Memphis. Sakafu bado ilikuwa na mteremko ule wa ukumbi wa sinema, na sauti ya mle ndani haikufanana na ya studio nyingine. Karibu albamu nzima ilirekodiwa Julai kwa muda wa kama siku moja. Walianza asubuhi, usiku wakasimama kwa sababu baadhi ya wapigaji walikuwa na kazi kwenye klabu za mjini, kisha wakarudi alfajiri kumalizia. Kwenye gitaa ni Steve Cropper, kwenye besi Donald "Duck" Dunn, kwenye ngoma Al Jackson Jr., na kwenye vinanda Booker T. Jones na Isaac Hayes. Tarumbeta ni ya Wayne Jackson. Cropper na Dunn walikuwa Wazungu, Jackson wa ngoma na Booker T. weusi, na hiyo ni Memphis ya wakati ambapo kula pamoja kwenye mkahawa kulikuwa jambo la kuhatarisha.

Usikilize hivi. Mara ya kwanza mfuate Otis. Mara ya pili msahau Otis, mfuate Al Jackson peke yake. Anachelewesha lile pigo la pili kidogo sana, na hapo ndipo mwili unapoanza kuyumba wenyewe. Mara ya tatu fuata matarumbeta. Otis hakuwa na waitikiaji wa kike nyuma yake kama wengine. Waitikiaji wake walikuwa matarumbeta na saksafoni, na alikuwa akiwaimbia wapigaji kwa mdomo, mmoja mmoja, kila kipande anachotaka wapige. Huyo ndiye mtu ambaye mashabiki wengi wanamtaja kama "yule aliyekuwa analia vizuri". Alikuwa anapanga muziki, na kilio chenyewe kilikuwa kimepangwa.

Utakuta pia nyimbo tatu za Sam Cooke. Cooke alikuwa ameuawa Desemba 1964, na Otis alimpenda mno. Ukisikia namna anavyouimba "A Change Is Gonna Come" utajua kwamba yuko msibani.

Na tafadhali usisikilizie kwenye spika ya simu. Besi ya Dunn haitoki humo.

Ni kweli "Sweet Soul Music" ya Arthur Conley iliandikwa na Otis? (Msomaji, Kampala)

Nusu kweli, na nusu ya pili inaniuma kwa sababu inamhusu mtu ninayempenda. Otis alimlea Conley kimuziki, akamsimamia studio, na mwaka 1967 wimbo ukapanda hadi namba 2 Marekani. Lakini muziki wake uliegemea wimbo wa Sam Cooke unaoitwa "Yeah Man", na jina la Cooke halikuwekwa. Wenye haki za Cooke wakashtaki, na jina likaongezwa. Wimbo wa kuwasifu waimbaji wa soul ulianza safari kwa kumwacha nje mwimbaji aliyekuwa kaburini. Otis alikosea hapo. Siwezi kuwadai wengine majina ya watunzi halafu nimsamehe yeye kimyakimya.

Aliwahi kupiga Afrika? (Msomaji, Bujumbura)

Hapana. Ziara kubwa ya Stax nje ya Marekani ilikuwa Ulaya, mwaka 1967. Mnaomtaja kwenye tamasha la Kinshasa mnachanganya. Lile ni la Septemba 1974, James Brown, Bill Withers na B.B. King wakiwemo, na Otis alikuwa na karibu miaka saba kaburini.

Mimi ni prodyuza. Jay-Z na Kanye West walitumia sauti ya Otis mwaka 2011. Na mimi nikikata sekunde chache tu, kuna tatizo? (Mdogo wako, Dar es Salaam)

Lipo, mdogo wangu, na hizo "sekunde chache tu" ni maneno ya vijiweni. Hakuna sheria inayokupa sekunde za bure.

Chukua huohuo wimbo waliotumia, "Try a Little Tenderness". Otis aliutoa mwaka 1966, lakini hakuutunga. Ni wa mwaka 1932, wa watunzi watatu, Jimmy Campbell, Reg Connelly na Harry Woods. Kwa hiyo ruhusa unazohitaji ni mbili: ya wenye utunzi, na ya wenye rekodi, yaani ile masta iliyotoka studio. Familia ya Otis ikikubali kwa moyo mmoja bado hujapata ruhusa ya utunzi, maana si wao wenye nao. Jay-Z na Kanye walifuata taratibu, na Otis akaandikwa kama mshiriki kwenye wimbo. Wewe ukipakia bila ruhusa, wimbo utaondolewa siku ile unapoanza kusikika.

Umeniuliza kuhusu kuchukua cha wengine, nami nataka nikuonye kuhusu kupoteza cha kwako. Stax ilianzishwa na ndugu wawili, Jim Stewart na dada yake Estelle Axton. Atlantic ya New York ilikuwa ikiwasambazia santuri zao, na kwa miaka kadhaa walifanya kazi kwa kuaminiana. Mwaka 1965 Stewart akasaini mkataba wa maandishi, na alikuja kukiri kwamba hakuusoma sawasawa. Atlantic ilipouzwa kwa kampuni ya Warner Bros.-Seven Arts, na Stax ikataka kuachana nao mwaka 1968, ndipo kipengele kilipojitokeza: masta zote ambazo Atlantic ilikuwa imezisambaza ni mali ya Atlantic. Zote. Kazi ya Otis aliyoifanya mle ndani tangu 1962, ikaondoka kwa saini moja. Ilikuwa miezi michache tu tangu wamzike. Stax ikaanza upya bila mwimbaji wake mkuu na bila nyimbo zake, na Desemba 1975 ikafilisiwa. Jumba lenyewe lilibomolewa mwaka 1989. Makumbusho yaliyofunguliwa pale mwaka 2003 yamejengwa upya kwenye kiwanja kilekile.

Nawaona vijana hapa wanasaini karatasi kwenye boneti ya gari kwa sababu wameahidiwa video. Mimi mwenyewe niliwahi kumsindikiza rafiki kwenda kusaini, nikamwambia asiwe na wasiwasi, watu wa heshima wale. Leo haruhusiwi kuimba wimbo wake wa kwanza jukwaani bila kuomba. Mpelekee mwanasheria mkataba wako, tafuta neno "masta", ujue inabaki kwa nani na kwa miaka mingapi.

Nasikia ndege yake ilihujumiwa. Na ni kweli hakuusikia "Dock of the Bay" ukivuma? (Wasomaji watatu, Mombasa, Arusha na Muscat)

Hakuna ushahidi wowote wa hujuma. Hali ya hewa ilikuwa mbaya, ndege ilikuwa ndogo, wachunguzi hawakuweza kuthibitisha chanzo, na uvumi ukajaza nafasi hiyo. Acheni kuusambaza.

Na ni kweli, hakuusikia. Alianza kuutunga akiwa kwenye boti ya kuishi kule Sausalito, ng'ambo ya San Francisco, akaumalizia na Cropper na kuurekodi Memphis wiki chache kabla ya kufa. Alikuwa ametoka kufanyiwa upasuaji wa koo, na ukisikiliza utaona anaimba kwa utulivu ambao hakuwa nao awali. Cropper aliongeza sauti za mawimbi na ndege wa baharini baadaye, rafiki yake akiwa hayupo tena. Machi 1968 ukawa namba 1 Marekani, wa kwanza kushika nafasi hiyo mwimbaji akiwa marehemu.

Lakini barua zote tatu zinamtaja Otis peke yake, kama kwamba alikuwa peke yake angani. Desemba 10, 1967, ndege ilipoanguka kwenye Ziwa Monona, Wisconsin, Otis alikuwa na miaka 26. Pamoja naye walikufa rubani Richard Fraser, kijana msaidizi Matthew Kelly, na wapigaji wanne wa Bar-Kays, bendi iliyokuwa ikimpigia ziarani: Jimmy King wa gitaa, Ronnie Caldwell wa kinanda, Phalon Jones wa saksafoni na Carl Cunningham wa ngoma. Wapigaji hao walikuwa vijana wadogo, baadhi yao ndio kwanza wametoka sekondari. Ben Cauley wa tarumbeta aliushika mto wa kiti cha ndege ukamwelesha kwenye maji ya baridi kali, akawasikia wenzake wakiita mpaka wakanyamaza. James Alexander wa besi hakuwemo kwa sababu nafasi haikutosha. Hao wawili waliiunda Bar-Kays upya, na mwaka 1969 bendi ikampigia Isaac Hayes kwenye "Hot Buttered Soul". Mkiweka picha ya Otis kila Desemba, wekeni na majina hayo.

Mwandishi, wajukuu hawaniamini nikisema soul ilipigwa marufuku Dar es Salaam. Wathibitishie. (Mzee, Temeke)

Shikamoo mzee wangu. Wajukuu, babu yenu anasema kweli. Mwaka 1969 viongozi wa mkoa waliipiga marufuku soul Dar es Salaam, kwa hoja kwamba ni ya kigeni na inaharibu vijana. Ulikuwa mwaka wa Operesheni Vijana, Umoja wa Vijana wa TANU ukipambana na sketi fupi, mawigi, suruali za kubana na dawa za kujichubua.

Mimi naona walikosea waliyemlenga. Walimweka Otis kundi moja na dawa za kujichubua, wakati muziki huo ulitoka kwa watu waliokuwa wakipigania kuhesabiwa kuwa watu, na wengi wao walitamani kujua habari za Afrika kuliko sisi tulivyotamani kuzijua habari zao. Hata hivyo hofu yao haikutoka hewani. Taifa lilikuwa na miaka minane ya uhuru, na ujana ulikuwa unaiga mavazi upesi kuliko unavyojifunza kupiga ala.

Mzee, umeandika kwamba mlikuwa na bendi mtaani iliyopiga nyimbo za Otis mchana wa Jumapili, lakini hukuitaja bendi wala wenzako. Niandikie tena. Nataka majina yao kamili, na nani alipiga besi.