Sabufa ya "PMPO 10,000" na spika za bei mbaya

Umeuliza kwa nini wajuzi wa sauti wanaidharau sabufa yako wakati dukani iliifunika spika ya bei mbaya. Inayopiga kwa nguvu zaidi hushinda hata kwa desibeli 1 au 2, kwa hiyo linganisha upya: cheza pinki noizi (mvumo wa kupimia spika, kama wa maporomoko ya maji), weka simu yenye programu ya kupima desibeli pale unapokaa, ongeza au punguza sauti mpaka spika zote zisome desibeli 75. Halafu sikiliza spika moja moja. Majaribio ya Floyd Toole, mtafiti wa spika, yalionyesha kuwa stirio, yaani spika mbili kwa pamoja, huficha kasoro. Tumia sauti ya mtu anayeongea, singeli ije baadaye.

Hapo utaisikia kasoro ya sabufa. Spika ndogo za sabufa zina koni ya inchi 3 hivi, hazishuki chini, basi boksi la besi hubebeshwa hata sauti nene za kuongea, mpaka hezi (Hz) 200 au zaidi. Sauti ya mwanamume hutokea sakafuni, ikivuma kama anaongelea ndani ya pipa. Ukilibana kwenye kona ya ukuta ndiyo balaa kabisa.

PMPO, ile namba ya wati inayotangazwa kwa mbwembwe, ipuuze. Soma kibandiko cha nyuma: ikiwa inakula wati 60 za umeme, hizo wati 10,000 zinatoka wapi? (Na za bei mbaya nazo, ukivuka kiwango fulani unalipia mbao na rangi.)