Alama zako nzuri, kateuliwa mwingine

Swali ninaloulizwa zaidi na vijana wa halmashauri huku Tabora huja kwa sura ileile: "Mzee, alama zangu za tathmini ya kazi ni nzuri kila mwaka. Aliyeripoti kazini nyuma yangu juzi kateuliwa kukaimu ukuu wa kitengo. Mimi nina kasoro gani?" Nimestaafu nikitokea ofisi ya utumishi. Nimeandaa tange (orodha ya watumishi kwa vyeo na ukuu kazini), nimeandika mihtasari ya vikao vinavyojadili majina ya watu, na kabla ya kumjibu kijana wa namna hii huwa namtaka kwanza atenganishe mambo mawili: kupanda daraja na kupewa madaraka.

Kupanda daraja kunaongozwa na makaratasi. Kutoka daraja la II kwenda la I, kisha Mwandamizi, kisha Mkuu, unafuata muundo wa maendeleo ya utumishi wa kada yako. Miundo mingi inataka utumishi usiopungua miaka mitatu kwenye daraja ulilopo na utendaji mzuri uliothibitishwa. Halafu kuna ikama, yaani idadi ya watumishi iliyoidhinishwa kwa kila nafasi, na bajeti, ambazo hazijui jina la mtu. Mwaka 2016 serikali iliposimamisha upandishaji wa vyeo kupisha uhakiki wa watumishi hewa na vyeti, aliyefanya kazi kwa bidii na aliyefanya kwa kujivuta wote walisubiri pamoja. Kwa hiyo alama nzuri ni lazima uwe nayo ili upande, lakini kuwa nayo kubwa kuliko ya jirani hakukupi daraja la ziada.

Madaraka ni habari nyingine kabisa. Wanaopendekeza mkuu wa kitengo au wa idara hawaishii kwenye ulichofanya mwaka jana. Wanakisia utafanya nini ukikabidhiwa watu, fedha na lawama. Hapo ndipo wengi wenye alama safi wanapoachwa.

Wenzetu wa Singapore walilichukua kisio hili wakalifanya kuwa sehemu rasmi ya tathmini. Miaka ya 1980 utumishi wao wa umma uliazima mfumo wa kampuni ya mafuta ya Shell, ambamo afisa anapimwa mara mbili: utendaji wa mwaka, na makadirio ya ngazi ya juu kabisa anayoweza kuimudu kabla ya kustaafu. Moja ya sifa walizoangalia waliipa jina la helikopta, yaani uwezo wa kuona jambo zima kutoka juu, kisha kushuka kwenye kipengele kimoja bila kupotea. Maafisa wawili wakiwa na utendaji sawa mwaka huu, yule mwenye makadirio ya juu ndiye anayepanda haraka. Mimi mfumo huo naukubali nusu. Nakubali kwamba kisio limeandikwa, maana lililoandikwa linaweza kuulizwa. Naogopa kwamba mtu anaweza kupewa kiwango akiwa bado mbichi, kikamfuata hadi uzeeni, na kwa kawaida mwenyewe haonyeshwi.

Sisi tulikwenda njia tofauti. Zamani kulikuwa na taarifa za siri: bosi anakuandika, wewe hujui umeandikwa nini. OPRAS, mfumo wa wazi wa kupima utendaji wa mtumishi, ilipoanza mwaka 2004 pazia likafunguliwa. Fomu ilikuwa na alama unayojipa mwenyewe, anayokupa msimamizi, na mnayokubaliana, huku 1 ikiwa ndiyo ya juu na 5 ya chini kabisa (wapo waliojipa 5 kwa furaha, wakidhani wamepasua). Kulikuwa pia na sehemu ya sifa: mahusiano kazini, mawasiliano, uongozi, uwajibikaji, uadilifu. Tangu mwaka wa fedha 2023/24 tuko kwenye PEPMIS, mfumo wa kompyuta wa kupima utendaji, ambayo inafuata majukumu yako kazi kwa kazi na msimamizi anayapitia humohumo. Huko kote, kinachopimwa zaidi ni kazi uliyokwisha kuifanya. Ile hukumu ya "huyu anaweza kufika wapi" haikufutika kwa kukosa sehemu ya kuandikwa. Imebaki vichwani mwa wakubwa, na husikika majina yanapojadiliwa.

Nimeyasikia maswali yao vikaoni. "Tukimpeleka Dodoma kutetea bajeti, atajibu au atatutazama sisi?" "Diwani akimbana kwenye baraza, atapandisha hasira?" "Watendaji wa kata watamsikiliza?" "Akikosea, atakuja kusema au atalificha faili?" Hakuna hata mmoja aliyeuliza fulani alipata asilimia ngapi. Asilimia ilishafanya kazi yake ya kuliingiza jina kwenye orodha.

Nikupe mfano wa dada mmoja wa masjala, halmashauri siitaji. Faili lolote ulilotaka alikuwa nalo mezani kabla hujamaliza kulitaja. Alijua barua ya mwaka gani imejibiwa na nani. Alama zake hazikuwahi kutetereka, na alikuwa na stashahada ya utunzaji kumbukumbu aliyoisomea Chuo cha Utumishi wa Umma, tawi la hapa Tabora. Kila jina lake lilipotajwa kwa nafasi ya usimamizi, mtu mmoja alisema maneno yaleyale: "Huyu tukimtoa, masjala itasimama." Wote wakacheka kwa upendo, wakaenda kwa jina linalofuata. Walimsifu na walimzuia kwa sentensi moja.

Tatizo halikuwa uwezo wake. Mpangilio wa mafaili ulikuwa kichwani mwake peke yake, na wakubwa waliliona hilo kama sababu ya kumbakiza palepale. Siku moja nikamwita pembeni nikamwambia: "Dada, chagua kijana mmoja, mfundishe kila kitu, kisha omba likizo yako yote, usiikate." Alinitazama kama ninamfukuza kazi. Akafanya. Alikwenda kwao Urambo mwezi mzima, simu haikupigwa, masjala haikusimama. Kikao kilichofuata yule bwana wa sentensi yake alibaki kimya, na dada akapewa usimamizi. Mtumishi asiye na wa kumrithi ananing'inia mahali alipo, hata kama anapendwa na ofisi nzima. Kwa lugha ya ofisini kuna mpango wa urithishanaji madaraka. Usingoje uje na waraka, uanze kwenye meza yako.

Walio mbali wana shida ya aina yake. Afisa aliye kata ya ndani huko Kaliua au Sikonge anaweza kuwa kiongozi halisi, anatatua migogoro ya mipaka na wafugaji, anasimamia mapato ya mnada, lakini makao makuu wanamjua kwa sauti ya simu tu. Kwake nasema hivi: taarifa zako ziandikwe kwa namna ya kumwonyesha msomaji uamuzi ulioufanya. "Kushiriki vikao vya wadau" ni maneno ya bure kwenye mfumo. "Mgogoro wa njia ya mifugo kati ya vijiji viwili, uliodumu tangu kiangazi, wazee wamekubaliana mpaka na muhtasari umesainiwa" hayo yanamwambia mkubwa kwamba hapa kuna mtu anayeweza kuachiwa jambo. Na wakija wageni kutoka mkoani, jitolee kuwasilisha taarifa wewe, usimpe msaidizi kwa sababu ya aibu.

Uswahiba upo? Upo. Nimeona jina likipenya kwa sababu mtu amesoma na mtu, au wanatoka wilaya moja. Sitakudanganya kwamba bidii inashinda hilo kila mara. Ila nimeona pia kwamba uswahiba hustawi pale wajumbe wasipokuwa na cha kusema kuhusu wengine. Mjumbe mmoja akiweza kusema "mimi nilimwona fulani akiendesha kazi ya anwani za makazi, vijana wote walilipwa na hesabu zilifungwa," jina la shemeji linaanza kuonekana dogo.

Muulize mkuu wako moja kwa moja, lakini uliza vizuri. Ukisema "bosi, mbona sipandi?" atajitetea na mazungumzo yataishia hapo. Sema: "Mkuu, ukiniangalia, ni jukumu gani la juu ya hili langu ungeogopa kunipa leo, na kwa nini?" Jibu lake ndilo lile kisio la kichwani, limetoka nje. Laweza kuuma. Mmoja aliambiwa kwamba anaandika vizuri lakini hawezi kumkanya aliye chini yake, na ilikuwa kweli. Aliomba kusimamia wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo, akaanzia kwa hao.

Ukipewa kukaimu, usianze kwa neno la mdomo. Taka barua. Kaimu wa mdomo hana saini, hana posho, na mambo yakiharibika ndiye wa kwanza kuandikiwa maelezo. Kanuni za Kudumu za utumishi wa umma zinaweka kikomo cha miezi sita kwa kukaimu, kwa hiyo ukipita hapo bila neno lolote, andika kwa heshima kumkumbusha Mkurugenzi kupitia kwa mkuu wako wa idara. Wakati unakaimu usibadilishe kila kitu ili uonekane. Kamilisha mawili matatu yaliyokwama, na siku ya kukabidhi, kabidhi kwa maandishi.

La mwisho vijana hawapendi kulisikia. Jina likishapendekezwa, kabla ya uteuzi hupitia upekuzi, yaani uchunguzi wa mwenendo wa mtu, na Tabora mjini ni padogo: kutoka Isevya hadi Kitete watu wanajuana. Mkopo wa mtaani ambao umemkimbia aliyekukopesha, ugomvi wa nyumba ya kupanga, ulevi wa mchana, vyote hivyo vinawekwa mezani bila wewe kuwepo kujitetea. Kama una deni la namna hiyo, kalimalize mwezi huu. Aliyekukopesha akikataa kukuandikia stakabadhi, nenda na mjumbe wa nyumba kumi akawe shahidi.