Uliza Tukujibu: Jordan au LeBron, hesabu za mtoano zinasemaje?

SWALI: Mzee wa kona ya kikapu, shikamoo. Hapa saluni kwetu Tabata kuna ubishi umeanza Jumamosi haujaisha mpaka leo. Kinyozi anasema kwenye mechi za mtoano za NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, LeBron James kamwacha Michael Jordan mbali, katoa simu katuonyesha kipimo kinaitwa Win Shares, LeBron kapita 50 na Jordan hajafika hata 40. Mie nikamtolea kipimo kingine, PER, huko Jordan ndo yuko juu. Sasa wote tuna namba mkononi, nani muongo?

JIBU: Marahaba mwanangu. Hamna muongo hapo, ila mmepima vitu viwili halafu mnagombana kama mmepima kimoja. Win Shares inachukua ushindi wa timu, inawagawia wachezaji, halafu inajumlisha mwaka hadi mwaka, sasa mtu wa mechi 292 mpaka 2025 lazima debe lake lijae kuliko wa mechi 179, hiyo haitaki hata kikokotoo. PER, ile ya John Hollinger, inaangalia umefanya nini kwa dakika ulizocheza, wastani wa ligi umewekwa 15, na Jordan kwenye mtoano ana 28.6, LeBron yuko nyuma yake kidogo tu. Yaani kinyozi kahesabu magunia yaliyoko ghalani, wewe umehesabu ekari moja imetoa mangapi.

Ila usichekelee, maana hata ya kwako ina kaujanja ndani. Mtoano wa mwisho wa Jordan ni 1998, ana miaka 35. Aliporudi na Washington Wizards 2001 hadi 2003 timu haikufuzu hata mara moja, kwa hiyo uzee wake haumo kabisa kwenye huo wastani. LeBron 2025 ana miaka 40 bado yumo, na kila usiku mbaya unaandikwa. Ndo maana mie nikilinganisha nakata vipande vinavyolingana: Jordan kacheza mitoano 13, basi na LeBron nachukua 13 ya mwanzo, 2006 mpaka 2018. Hapo Jordan ana pointi 33.4 kwa mechi na LeBron 28.9, pengo la kweli hilo. Lakini angalia mechi sasa, LeBron 239, Jordan zilezile 179. Mitoano sawa, mechi 60 zaidi, zimetoka wapi? Enzi za Jordan raundi ya kwanza ukishinda 3 umepita, kuanzia 2003 ikawa mpaka ushinde 4. Na lingine, hili watu wa Jordan hawapendi kulisikia, miaka yake 3 ya mwanzo alitolewa raundi ya kwanza yote, mechi 10 kashinda 1.

Hebu tuchukue moja ya hizo alizofungwa, Boston 1986, ile ya pointi 63. Alirusha 41 zikaingia 22, hamna hata ya pointi 3, mitupo huru (ile ya pointi 1 baada ya faulo) 21 ikaingia 19. Asilimia ya kawaida ni 53.7 lakini hiyo imeisahau mitupo huru yote. Kwa hiyo chukua 21 zidisha kwa 0.44 (kwa sababu si kila mitupo huru miwili inakula shambulio zima, mwingine ni nyongeza tu baada ya kikapu kuingia), unapata 9.24, jumlisha na 41, zidisha kwa 2, unapata 100.48. Pointi 63 gawa kwa hiyo, ni asilimia 62.7, hiyo ndo shabaha yake ukiweka na mitupo huru. Mbele ya timu iliyoshinda mechi 67 msimu ule na ikabeba ubingwa! Na bado Chicago Bulls, timu ya Jordan, wakafungwa 135-131 baada ya kuongezewa muda mara mbili, wakatolewa 3-0, Jordan kaenda nyumbani na mechi zake 3, ghalani karibu hakuna kitu.

LeBron naye usimwonee. Fainali za 2015 kafunga wastani wa 35.8, ribaundi (mipira iliyokosa kikapu akaidaka) 13.3, asisti (pasi za kufungisha) 8.8, ila shabaha yake ilikuwa asilimia 39.8, ukiangalia hiyo peke yake utasema kacheza hovyo. Wenzake wakubwa, Kevin Love hayupo, Kyrie Irving kaumia mechi ya kwanza, sasa kila mpira mgumu angempa nani? Sisi tuliokesha usiku tulimwona anavyohema.

Mie kwa dakika moja moja nampa Jordan. Kinyozi asinikasirikie, magunia ni ya kwake.

SWALI: Mbona Bill Russell simwoni kwenye orodha za BPM (kipimo kingine cha mchango wa mchezaji) za mtoano? Ana mataji 11! (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Kwa sababu BPM inataka bloku (mirusho uliyoizuia) na mipira ya kuiba, na NBA ilianza kuvihesabu msimu wa 1973-74, Russell kastaafu 1969. Ribaundi zake zipo, 24.9 kwa mechi ya mtoano. Ila bloku, ile kazi iliyowatesa watu miaka 13, kwenye karatasi hata sifuri haikuandikwa, ni nafasi tupu.