Plagini 34 kwenye duka la vitenge ni nyingi mno

Dada, umesema duka lako la vitenge la mtandaoni lipo WordPress (programu ya kutengeneza tovuti), lina plagini 34, yaani programu ndogo za kuongezea tovuti uwezo, na linafunguka taratibu mno. Kabla hujalipia hostingi (huduma ya kuiweka tovuti kwenye seva) ya bei kubwa, punguza hizo plagini. Idadi peke yake siyo ugonjwa. Kinacholemea ni zile zinazopakia CSS na JavaScript zao (mafaili ya mwonekano na ya utendaji) kila ukurasa, hata pale zisipotumika. Plagini ya fomu ya mawasiliano inaweza kuleta mafaili yake mpaka kwenye ukurasa wa kitenge kimoja.

Chukua bekapu (nakala ya akiba) ya mafaili na hifadhidata kwanza, tafadhali usiruke hapo. Kisha fungua duka kwenye Chrome ya kompyuta, bonyeza F12, ingia sehemu ya Network inayoorodhesha mafaili yanayoshushwa, pakia ukurasa upya. Faili likiwa na wp-content/plugins kwenye anwani yake, kinachofuata hapo ni jina la folda ya plagini iliyolileta. Mimi nilikuta slaida ya picha niliyokwisha kuisahau bado inashusha mafaili saba kwa kila mteja, na wengi wao wanatumia simu na MB za kuhesabu. Iliniuma sana.

Zima plagini usizozihitaji, moja moja, na kila mara jaribu kikapu na malipo. Ukiridhika, ifute kabisa: iliyozimwa haipunguzi kasi ya ukurasa, lakini mafaili yake yanabaki kwenye seva, na yakiwa na kasoro ya usalama wadukuzi wanaweza kupitia hapo. Kama una plagini mbili za kache (zinazohifadhi nakala ya ukurasa ili ufunguke haraka), bakiza moja.