Paka wangu mzee anaukojolea mswala wa mavyaa

*Shangazi, salaam. Mimi ni mke wa mtu, nakaa Mji wa Kale, Mombasa. Nina paka wa kike, jina lake Pamba, niliyemlea tangu kitoto nikiwa bado shuleni. Sasa ana miaka 14. Umri wake wote alikuwa msafi, haja zake akizimalizia kwenye beseni la mchanga tuliloweka juu, pale tunapoanika nguo. Tangu Ramadhani amebadilika. Anakojoa zuliani, kwenye godoro la chumba cha chini, na mara mbili ameukojolea mswala wa mavyaa wangu. Mavyaa ameapa kuwa anafanya makusudi, eti ananionea wivu kwa sababu nina mimba ya miezi mitano, na paka na mimba havikai nyumba moja. Mume wangu hapendi maneno na mamake; amesema mwisho wa mwezi atamtia kikapuni akamwache soko la samaki, huko hatakosa riziki. Nimechoka kufua, nimechoka kuchoma udi, nimechoka kujaza kibakuli chake ambacho siku hizi hakikai na maji. Je, ni dhambi kumtoa? Na nikimweka, nifanyeje? – Mama Pamba*

Mwanangu, barua yako nimeirudia mara mbili, na kilichonisimamisha ni neno ulilolipitisha juu juu karibu na mwisho: kibakuli hakikai na maji. Umelitia kwenye hesabu ya machovu yako, nami naona hilo ndilo la kuanzia. Paka kwa kawaida hunywa kidogo. Akiwa mzee, akaanza kumaliza maji na kukojoa madimbwi, mwilini mwake mna jambo. Yanayowapata sana paka wa umri wake ni figo kuchoka, kisukari, na tezi ya shingoni kufanya kazi kupita kiasi. Yote matatu humkondesha. Mwenye tezi au kisukari mara nyingi hukonda huku anakula vizuri, na wa tezi huenda asitulie, akawa analia usiku. Wa figo hupoteza hamu ya chakula na mdomo ukaanza kunuka. Lakini usijaribu kubagua mwenyewe kwa macho, maana yanafanana, na paka mzee anaweza kuwa na mawili kwa pamoja. Mkojo wa paka wa namna hii pia hushika vijidudu kwa urahisi, naye akishaumwa wakati wa kukojoa, hulikimbia beseni akidhani ndilo linalomuuma.

Halafu kuna ngazi. Ngazi za nyumba za Mji wa Kale nazijua, mimi mwenyewe nazipanda nimeshika ukuta. Wewe umeweka choo cha bibi wa miaka 14 juu kabisa, na yeye, kama nimekuelewa, siku hizi analala chini. Mwangalie leo akipanda. Akitia mikono miwili kwenye kidato, akasita, kisha akajivuta, viungo vinamuuma. Sikiliza pia makucha yake sakafuni: yakigonga tak tak, ujue yamerefuka kwa kuwa hakwaruzi tena. Pitisha mkono mgongoni karibu na mkia. Manyoya yakiwa yamefumana mafundo, basi hawezi kujipinda akajilamba. Baridi yabisi kwa paka wazee ni jambo la kawaida mno, ila hawachechemei wazi wazi kama mbwa, ndiyo maana watu hawaioni.

Sasa weka pamoja. Anakojoa mengi na mara nyingi, mkojo unambana ghafla, choo kiko ghorofani, na ngazi zinauma. Pale alipo pana zulia, godoro na mswala, vyote laini na vyote vinanyonya. Wivu wa mimba uko wapi hapo? Paka hana akili ya kulipiza kisasi kwa mkojo. Kwa hiyo usimpige, wala usimsugue pua kwenye uchafu wake. Atakachojifunza ni kukuogopa na kutafuta uchochoro wa kukojoa kwa siri. Na wala usimnyime maji ili apunguze mkojo. Nasema hivi kwa sababu najua kuna atakayekushauri. Figo zikiwa mbovu, kumnyima maji ni kumuua.

Mpeleke kwa daktari wa mifugo wiki hii, kabla hujanunua sabuni nyingine. Nenda na karatasi uliyoandika: anakunywa vibakuli vingapi kwa siku, anakojoa wapi, dimbwi kubwa au matone, choo kikubwa kigumu au laini. Na uzito wake: panda mzani umempakata, kisha panda peke yako, utoe. Daktari atapima mkojo na damu, na umwombe ashike viungo na apime presha kama ana kifaa. Kisukari cha paka hutibiwa kwa sindano za insulini, na wapo wanaopata nafuu mpaka sindano zikaachwa. Tezi ina vidonge. Figo hazirudi zilivyokuwa, lakini kwa chakula kinachofaa na maji ya kutosha paka anaweza kuishi vizuri muda mrefu. Nyumbani mpe samaki wa kuchemsha pamoja na supu yake, bila chumvi na bila kitunguu, maana kitunguu ni sumu kwake.

La dawa nalitilia mkazo. Usimpe Panadol. Hata nusu kidonge kinaweza kumuua paka, ini lake haliwezi kuivunja dawa ile. Brufeni vilevile, na antibayotiki zilizobaki kabatini ziache huko huko. Wasomaji wengine wenye paka dume nao wasikie: dume akienda mchangani kila mara, akajikamua na kulia na mkojo usitoke, njia imeziba. Huyo haingojewi kesho, ni daktari saa ile ile.

Beseni literemshe chini, na la juu liache pale pale. Tafuta beseni pana la kufulia, ambalo Pamba anaweza kugeuka ndani yake bila kugusa kando, kisha ukate upande mmoja ubaki kimo cha vidole vinne, na ukingo uliokatwa uusugue kwa msasa usimkwaruze. Tia mchanga laini uliochekechwa, usio na manukato. Liweke mahali patulivu, mbali na chakula chake na mbali na pampu ya maji. Mchanga wa kawaida haugandi kama ule wa dukani, kwa hiyo uchafu utolewe kila siku na mchanga wote ubadilishwe mara kwa mara. Paka mzee hana subira na choo kichafu, nami simlaumu.

Kuhusu harufu: udi haumdanganyi paka. Wewe utasikia udi, yeye atasikia udi na mkojo wake chini yake, arudi pale pale. Jiki nayo usiimwage juu ya mkojo, mvuke unaotoka ni mbaya kwa kifua chako. Na zile dawa za kuua vijidudu ambazo zikitiwa maji hugeuka nyeupe kama maziwa, zina kemikali inayowadhuru paka wakijilamba miguu. Kausha kwanza kwa kitambaa kwa kukandamiza, usisugue, kisha uloweke kwa maji baridi na sabuni ya unga ya kufulia yenye vimeng'enya, angalia maandishi ya pakiti. Suuza, ukipenda pitisha maji yenye siki, uanike juani mpaka pakauke kabisa. Godoro livishe mpira chini ya shuka, ule ule atakaouhitaji mwanao baadaye.

Umeniuliza dhambi. Mimi si shehe, lakini wewe na mimi tumesoma chuoni. Hadithi ya kuwa paka si najisi, ni katika wanaotuzunguka majumbani, unaijua, na ya yule mwanamke aliyemfunga paka asimlishe wala asimwache ajitafutie pia unaijua. Lakini mkojo wake ni najisi, na hapo mavyaa wako ana haki yake kamili. Mama wa watu anataka kuswali mahali safi, usimjibu kwa hadithi za mate ya paka. Mnunulie mswala mpya, umpe kwa mikono yako miwili, na upigilie msumari nyuma ya mlango wake ili ukunjwe na kutundikwa kila baada ya swala. Mlango wake ufungwe. Kisha mweleze kwamba Pamba ni mgonjwa, umempeleka kutibiwa. Watu wazima wenye magoti mabovu huelewa habari ya ngazi upesi kuliko vijana.

Soko la samaki mimi silikubali. Riziki ipo, lakini ina wenyewe. Kila meza pale ina paka zake, wenye nguvu na meno. Pamba asiyeweza kuruka, mwenye kiu isiyokatika, aliyelala ndani miaka 14, atakufa polepole chini ya gari la mtu. Ikiwa daktari atasema figo zimekwisha na mnyama anateseka, yapo maamuzi ya kumpumzisha kwa sindano, akiwa mikononi mwako. Hilo mlijadili na daktari na mumeo kwa uwazi. Kikapu kisiingie kwenye mazungumzo.

Limebaki la mimba. Hofu ya mavyaa haikutoka hewani. Kuna kijidudu kinachoitwa toksoplasma ambacho hupitia kwenye kinyesi cha paka na kinaweza kumdhuru mtoto tumboni. Lakini kinyesi kikishatoka, huchukua siku moja au zaidi kabla ya vijidudu hivyo kuweza kumwambukiza mtu, na paka hukitoa zaidi katika majuma ya mwanzo baada ya kukipata, jambo ambalo paka mzee wa ndani mara nyingi alishalipita zamani. Nyama isiyoiva na mboga zisizooshwa huambukiza pia, na watu hawazisemi. Mwambie daktari wako wa kliniki ya wajawazito kwamba unafuga paka, ikihitajika atakupima damu. Usimpe Pamba nyama mbichi, osha mikono, na beseni lisafishwe kila siku bila kuruka. Wewe usiliguse mpaka ujifungue. Yule aliyekuwa na nafasi ya kubeba kikapu hadi sokoni, basi nafasi ya kubeba mchanga anayo pia. Mkabidhi koleo leo jioni.