Umekuta Makato ya Kripto Usiyoyajua Kwenye Taarifa ya Benki? Usiyasamehe

Nilipokuta malipo kwa kampuni ya kripto (sarafu za kidijitali kama bitcoin) nisiyoijua kwenye taarifa ya kadi yangu, karibu kila niliyemweleza alinipa jibu lile lile: kripto ikishakwenda hairudi, sahau. Jibu hilo lina ukweli nusu, na nusu hiyo imewafanya watu wengi waache haki yao.

Ni kweli kwamba muamala wa bitcoin ukishathibitishwa kwenye blokucheni, yaani daftari la pamoja la kidijitali linaloandika miamala hiyo, hakuna ofisi inayoweza kuufuta. Lakini kilichotoka kwako ni fedha za kawaida. Kadi yako ililipa kampuni, kisha kampuni ikampa mtu mwingine sarafu. Hatua ile ya kwanza inaongozwa na kanuni za kadi, sawa na ununuzi mwingine wowote, na benki inaweza kuirudisha. Kwa hiyo usihangaike kutafuta sarafu zimeishia wapi. Cha kujua ni nani aliidhinisha malipo.

Anza na jina. Wauzaji wengi wa sarafu hupokea malipo kupitia kampuni za kati kama MoonPay, Simplex au Banxa, hivyo jina lililoandikwa kwenye taarifa huenda silo la mahali sarafu ziliponunuliwa. Litafute kwenye barua pepe zako, hata kwenye folda ya taka, kisha waulize wa nyumbani wanaoweza kuifikia kadi. Tazama pia mistari ya jirani. Ununuzi wa kripto kwa kawaida huingizwa kwenye kundi namba 6051 katika orodha ya aina za biashara inayotumiwa na mifumo ya kadi, ambalo baadhi ya benki hulihesabu kama kutoa fedha taslimu, kukiwa na ada yake na, kwa kadi za mkopo, riba inayoanza siku hiyo hiyo. Ukidai, dai vyote: malipo, ada na riba.

Na kiasi kidogo kisikulaze. Wezi wa kadi hupenda kujaribu kwanza kwa fedha ndogo. Kwangu lilitangulia dogo, kubwa likafuata.

Ipigie benki kwa namba iliyo nyuma ya kadi, kamwe si ile iliyokuja kwenye ujumbe. Omba kadi ifungwe hapo hapo, hata kama muamala bado unaonyesha unasubiri. Benki nyingine hazipokei pingamizi mpaka ukamilike, ila kufunga kadi hakungoji.

Sehemu inayofuata naomba uisome taratibu, maana hapa madai mengi mazuri hupotea. Afisa aliyenipokea aliandika kwamba nililipia huduma nisiyoipata. Dai la namna hiyo kampuni hulishinda kirahisi: inaonyesha tu kwamba sarafu zilifika kwenye pochi iliyotajwa (mahali pa kidijitali pa kuhifadhia sarafu), basi. Nilimwomba asahihishe, aandike kwamba sikuidhinisha muamala na pochi hiyo si yangu. Hapo hoja ya sarafu kufika inapoteza nguvu. Kabla ya kukata simu, muombe afisa akusomee alichoandika, chukua namba ya dai, kisha rudia maelezo yako kwa maandishi.

Benki ikijibu kwamba malipo yalithibitishwa kwa namba ya siri iliyotumwa kwa simu, usinyong'onyee. Uliza ilitumwa kwenye laini ipi, saa ngapi, na kifaa gani kilitumika. Ikiwa laini yako ilizimika ghafla siku hizo, wasiliana na mtandao wako wa simu, huenda kuna mtu aliihamishia kwenye kadi nyingine ya simu.

Iandikie pia kampuni ya kripto kupitia tovuti yake rasmi. Taja tarehe, kiasi na tarakimu nne za mwisho za kadi, usizidishe hapo. Inaweza kuifungia akaunti iliyotumika.

Kwa kawaida kanuni za Visa na Mastercard huruhusu pingamizi ndani ya siku 120, lakini benki yako au sheria ya nchi inaweza kukupa muda mfupi zaidi. Ripoti siku ile ile unayoona.

Kama ulituma fedha mwenyewe kwa kudanganywa, usiseme hukuidhinisha. Eleza ukweli, kwa kuwa hilo ni dai la aina nyingine, gumu zaidi, na uongo ukigundulika unaliua kabisa. Tena jihadhari na wanaojitokeza kuahidi kukurudishia sarafu kwa malipo ya awali. Hao ni matapeli wa awamu ya pili. Asikuombe mtu yeyote yale maneno 12 au 24 ya kufungulia pochi yako, ukampa.

Benki nyingine hukuwekea fedha kwa muda wakati uchunguzi ukiendelea. Usizitumie, zinaweza kuchukuliwa tena. Dai likikataliwa, omba sababu na ushahidi kwa maandishi, upeleke kwa kitengo cha malalamiko cha benki, na wakikwama, kwa mamlaka inayosimamia benki nchini mwako.