Mpe, lakini msome pamoja

Dada, umeuliza kama umpe kijana wako wa miaka 15 riwaya ya Ready Player One, ilhali tayari habanduki kwenye vibanda vya gemu hapo Malindi. Mpe. Ila tangulia wewe kuisoma, ina matusi na mambo ya kikubwa.

Ernest Cline aliitoa mwaka 2011. Mhusika mkuu, kijana Wade, anaishi kwenye matrela yaliyopandanishwa, na hata shule anasomea ndani ya miwani inayomwingiza kwenye ulimwengu wa gemu. Msome pamoja hasa pale kwenye madeni: kampuni inamkamata aliyeshindwa kulipa, inamfanyisha kazi, huku makato yakilivuta deni lisiishe. Mwulize kijana wako pesa anazonunulia silaha za gemu zinakwenda kwa nani. Habari za gemu na filamu za miaka ya 1980 zilizojaa humo zikimchosha, aziruke.